Wimbo Mmoja na Upande wa Pili wa Kanda

Mwalimu mmoja wa kwaya, kijana mwenye kipaji na bidii, nilipomwuliza albamu yao itatoka lini alinijibu hivi: "Mchungaji, albamu nani anasikiliza siku hizi? Tunatoa singo." Alilisema kwa upole, kama mtu anayempasha mzee habari ambayo wengine wote wameshaipata. Siku ile sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu. Naiandika mbele ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia kwa sababu swali lake, ingawa lina sura ya swali la soko, linagusa kile ambacho washarika wetu watakuwa nacho vinywani siku ya furaha na siku ya msiba.

Yafaa tukubali kwanza kwamba kijana yule hakuzua jambo jipya. Muziki wa kurekodiwa ulianza na wimbo mmoja mmoja. Santuri za kale zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba dakika 3 au 4 tu kila upande, na hata jina la albamu lilitokana na majalada yaliyofungwa mfano wa vitabu vya picha ili kutunza santuri kadhaa pamoja. Mwaka 1948 ilitoka santuri ya muda mrefu, iliyoweza kubeba dakika 20 na zaidi kila upande. Mwaka uliofuata ikatoka ile ndogo ya mizunguko 45, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Tangu hapo aina hizo mbili zimeishi pamoja kama ndugu wasioelewana. Kaseti, iliyotokea mwaka 1963, ilielemea upande wa albamu, maana kuutafuta wimbo mmoja katikati ya kanda ilikuwa kazi ya kuchosha. Mtandao umeelemea upande wa pili. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ilianza kuuza nyimbo mojamoja kwa senti 99 za Marekani, na YouTube ilipoanza mwaka 2005 hata senti hizo hazikuhitajika tena.

Lakini kwetu Walutheri historia ya singo ni ndefu kuliko historia ya santuri. Tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili wa shirika la Augustino, Heinrich Voes na Johann Esch, walichomwa moto huko Brussels kwa kushikilia mafundisho ya Matengenezo. Luther alipopata habari hizo alitunga wimbo wa kuwasimulia, nao ukasambazwa ukiwa umechapwa kwenye karatasi moja tu. Nyimbo nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Karatasi moja ilikuwa ya bei nafuu, ilifichika ndani ya nguo, na asiyejua kusoma aliweza kuimbiwa mara mbili tatu akaondoka na wimbo kichwani. Mwezi Mei 1524, mfumaji mmoja mzee na maskini alisimama penye sanamu ya Kaisari Otto mjini Magdeburg, akiimba nyimbo za Luther na kuziuza. Meya aliamuru akamatwe. Wenyeji wakadai aachiliwe, naye akaachiliwa. Mmoja wa nyimbo alizoziimba ulikuwa ule ambao Luther aliutunga kwa kuifuata Zaburi ya 130, zaburi ya mtu aliaye kutoka vilindini.

Kwa hiyo mchungaji anayeidharau singo na aangalie asije akamdharau mfumaji yule. Mvuto wa wimbo mmoja ni mvuto wa kweli. Haumwombi mtu saa nzima. Humkuta njiani, jikoni, ndani ya daladala, ukaingia kabla hajaamua kuupokea. Hubeba neno moja na kulirudia mpaka likae. Tena kuna upande wa haki ambao sisi wa vyuoni huusahau: kwaya ya mtaa wa mbali, isiyoweza kamwe kulipia studio kwa nyimbo 10, huweza kujichangisha ikarekodi mmoja na kusikika mpaka nchi za mbali. Hapo zamani kwaya kama hiyo ilisikiwa na mtaa wake tu.

Tena tusiisifu kanda kupita kiasi. Ninazo kanda za kwaya za miaka ya 1990 ndani ya boksi la viatu, na hivi karibuni nilizisikiliza upya, nyingine baada ya kuzizungusha kwa kalamu ya Biki kama tulivyofanya utotoni. Lazima niseme ukweli. Nyingi zina nyimbo 3 zilizotungwa kwa moyo na 7 zilizowekwa ili kujaza pande mbili. Mdundo wa kinanda ni uleule tangu mwanzo hata mwisho, na mwimbaji wa sauti ya kwanza huchoka waziwazi kabla kanda haijageuzwa. Aliyenunua kanda ya namna hiyo alilipia makapi pamoja na ngano. Ikiwa mtandao umetuondolea makapi hayo, hakuna sababu ya kuyalilia.

Basi kwa nini nina wasiwasi? Kwa sababu katika kanda zile zile kuna kitu nisichokikuta katika singo za sasa, nacho mara nyingi kimo upande wa pili. Upande wa kwanza ulifunguliwa na wimbo uliobeba jina la kanda, wenye nguvu, wa kuuzia. Kisha, baada ya kugeuza, kwaya ilijua kwamba msikilizaji ameshanunua, haondoki. Hapo ndipo ilipothubutu kuimba mambo mengine: wimbo wa Kwaresima, wimbo wa kuwaonya vijana juu ya UKIMWI, wimbo wa mjane aliyenyang'anywa shamba, wimbo wa maziko. Hakuna aliyenunua kanda kwa ajili ya wimbo wa maziko. Lakini uliingia nyumbani pamoja na ile mingine, ukasikika wakati mama anasonga ugali, watoto wakaujua bila kukusudia, na siku msiba ulipobisha hodi wimbo ulikuwa tayari umo ndani.

Singo haina upande wa pili. Kila wimbo hutoka peke yake na hupaswa kujitetea peke yake, tena upesi. Huduma kubwa kama Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale tu zinapotimia sekunde 30. Mtunzi anayeijua kanuni hiyo hujifunza kuleta kiitikio mapema na kuacha utangulizi. Lakini badiliko kubwa zaidi liko katika uchaguzi wa jambo la kuimbwa. Ikiwa kwaya itatoa wimbo mmoja tu baada ya miezi minne, na gharama ya kamera na sare imeshachangwa, itachagua wimbo gani? Itachagua ule ambao watu watautaka leo. Watu leo wanataka kushukuru, kushinda na kubarikiwa. Sisemi ni vibaya kushukuru. Nasema kwamba uchaguzi ule ule, ukirudiwa mara 6, unazaa kwaya yenye wimbo mmoja wenye majina 6.

Niliyaona haya katika usharika nilioutumikia kabla sijaitwa kufundisha. Kwaya yetu ilikuwa imetoa singo 6, zote za ushindi, na mimi mwenyewe nilisimama mbele ya washarika kuchangisha fedha za video. Hivyo lawama ninayoitoa hapa inaanzia kwangu. Akafa mama mmoja mzee wa kanisa, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya hiyo tangu ujana wake. Penye kaburi vijana wakafungua spika na kuimba singo yao ya mwisho, ile iliyopendwa kuliko zote. Waliimba vizuri, kwa nia njema, maana ndio waliokuwa nao. Mume wa marehemu alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mchungaji, hawa watoto hawaujui ule wa kanda yetu ya zamani? Ule wa upande wa pili?" Nikamwuliza mwalimu wa kwaya, akatikisa kichwa. Wakajitokeza mama watatu wa siku zile, wakauimba bila kinanda, kila mmoja akianza kwa sauti yake mpaka wakapatana. Vijana wakasimama kimya, wengine wakitazama chini. Mzee yule alilia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria njia ya ule wimbo wa Zaburi ya 130. Haukubaki karatasi moja. Mwaka ule ule wa 1524, mchapaji Jobst Gutknecht wa Nuremberg alikusanya nyimbo 8, 4 za Luther na 3 za Paul Speratus, akazitoa katika kijitabu kimoja. Wimbo ule umo. Mwaka huo huo Johann Walter alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za kwaya, naye Luther akakiandikia dibaji. Miaka iliyofuata vitabu viliongezeka, vikapangwa kufuata majira ya mwaka wa Kanisa na sehemu za Katekisimo, na mwaka 1542 Luther alitoa mkusanyo maalumu wa nyimbo za maziko, wimbo ule ukiwa miongoni mwao. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeanza na kitabu cha maziko. Lakini Februari 1546, maiti ya Luther ilipopitishwa Halle ikitoka Eisleben kwenda Wittenberg, watu waliokusanyika waliuimba wimbo huo huo huku wakilia. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu mfumaji alipouimba sokoni. Karatasi iliufikisha kwao. Kitabu ndicho kilichoutunza hata wakauhitaji.

Naona hapo tofauti ambayo mazungumzo ya soko hayaigusi. Singo hupimwa kwa swali kama watu wanaipenda. Kitabu, au albamu iliyotungwa kwa uangalifu, hubeba pia kile ambacho watu hawajakihitaji bado. Zaburi zenyewe zimekusanywa kwa jinsi hiyo. Kama tungewapa washarika wetu wachague kila mmoja zaburi moja, ya 23 ingepata kura nyingi, na ya 88 sidhani kama ingepata hata moja, maana inamalizikia gizani bila faraja yoyote. Waliozikusanya hawakupiga kura. Waliiweka ya 88 humo humo, na ya 23 wakaiweka mara baada ya 22, kilio cha aliyeachwa, ili anayezisoma kwa kufuatana asifike kwenye malisho bila kupita penye kilio hicho. Mtu anayeijua ya 23 peke yake ameipata singo nzuri sana, lakini hajui imetoka wapi.

Watu wengine watasema kwamba tunacho Mwimbieni Bwana, na kwamba kitabu hicho chatosha kuwa albamu ya Kanisa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tusijidanganye: katika sharika nyingi kitabu huimbwa ubeti wa kwanza na wa mwisho ili kwaya ipate nafasi, na vijana hujifunza imani yao kwa simu zaidi kuliko kwa kitabu. Kilichomo simuni ndicho kitakachokuwamo kinywani.

Sidai kwamba turudi kwenye kanda; redio kaseti yenyewe sijui fundi wa kuitengeneza angepatikana wapi. Wala sidhani kwamba kwaya ya mtaa ilazimishwe kurekodi nyimbo 10 ili 7 zirudi kuwa za kujazia. Ninachowaomba watumishi wenzangu ni kwamba kamati ya muziki isikutane tu kuuliza fedha zimefika wapi, bali iulize pia wimbo huu ni wa siku gani. Singo ya Majilio, singo ya Kwaresima, singo ya maziko, singo ya mwaka wa njaa: zikitoka mojamoja kwa kufuata kalenda ya Kanisa, baada ya miaka miwili kwaya itakuwa na albamu hata kama haijaiita hivyo. Singo ya maziko itasikilizwa na wachache. Mchungaji awaambie waimbaji jambo hilo mapema, wasije wakaitazama idadi ile wakavunjika moyo.

Yule mwalimu wa kwaya bado tunawasiliana. Aliniambia kwamba amekaa na wale mama watatu jioni kadhaa, akiuandika wimbo ule wa upande wa pili kwa sol-fa kutoka vinywani mwao. Ubeti wa kwanza na wa pili wamekubaliana. Wa tatu kila mmoja anaukumbuka kwa namna yake, na kanda yenyewe, iliyopatikana hatimaye nyumbani kwa mzee yule, imekatika mahali hapo hapo. Nimemwambia asirekodi kwanza, amtafute mtunzi. Anaambiwa yu hai, amehamia kwa mwanawe.