Kuvunjika kwa Koleo

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii huwa tunamwambia aliyefilisika, tukampa pole na kushika njia yetu. Ni faraja njema, lakini inaishia pale ambapo kazi ya mhunzi inaanza. Aliyevunjikiwa na koleo lazima ajue limevunjika kwa nini, atafute chuma kingine, na pengine akubali kwamba tangu mwanzo alilifua vibaya. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kujenga kampuni, nami nauheshimu sana. Wengi wakiutazama wanaona pesa tu. Ni kazi ya mikono na akili, ina uanagenzi wake, na karo yake hulipwa kwa hasara.

Anayenifundisha zaidi katika kazi hiyo ni mtoto wa mhunzi hasa. Soichiro Honda alizaliwa mwaka 1906 karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Akiwa na miaka 15 alikwenda Tokyo kujifunza umakanika, na mwaka 1928 akarudi Hamamatsu kufungua gereji. Ilimwendea vizuri, na wengi wangetosheka hapo. Yeye alichoka kukarabati vyombo vya watu, akataka kuunda kitu chake mwenyewe. Akachagua ringi za pistoni.

Ringi ni kitu kidogo. Fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, atakuonyesha moja: pete nyembamba ya chuma, imekatwa mahali pamoja ili itanuke na kubana ukuta wa silinda. Ikiwa ngumu kupita kiasi, inakwangua silinda. Ikiwa laini, inalika upesi, injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Honda, kwa uhodari wake wote wa gereji, aliamini kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kumshinda. Kikamshinda. Alikesha karakanani usiku baada ya usiku, akamaliza akiba yake, na ringi zikatoka hazifai.

Mwishowe akaenda kuuliza katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Chuma chake kilipopimwa, kikaonekana kimepungukiwa na silikoni, jambo ambalo mikono peke yake isingeweza kumwambia hata angekesha miaka kumi. Basi mtu mzima huyu, mwenye wafanyakazi wanaosubiri mshahara, akaenda kukaa darasani na vijana kusoma elimu ya metali. Mitihani hakuifanya, na cheti hakukipata; alichokifuata kilikuwa darasani, si kwenye karatasi. Hata hivyo, kati ya ringi 50 alizopeleka Toyota, ni 3 tu zilizopita ukaguzi. Akazunguka viwanda na vyuo vingine kutazama jinsi chuma kinavyoyeyushwa na kumiminwa, hadi Toyota ikawa mteja wake.

Hadithi kama hii husimuliwa kwa vijana ili waambiwe wasikate tamaa. Naona tunawapunja. Kutokata tamaa peke yake kungemweka Honda karakanani, akimimina chuma kibovu kila usiku kwa bidii ya kusifika. Kilichomwokoa ni kuliuliza kosa lake swali la kweli: ni nini nisichokijua? Shida haimfundishi mtu kwa kumpiga tu. Wako waliopigwa na hasara ileile mara tatu, na kila mara wakamlaumu mteja, serikali au jicho la jirani. Fundi wa kampuni hujulikana kwa swali analouliza siku ya hasara.

Vita vya Pili vya Dunia na tetemeko la ardhi vikampokonya karibu yote. Mabomu yaliharibu kiwanda chake kimoja, na tetemeko la Mikawa la Januari 1945 likabomoa kingine. Alichobaki nacho akakiuza kwa Toyota. Mwaka 1946, nchi ikiwa haina mafuta wala usafiri wa maana, akaona injini ndogo ambazo jeshi lilikuwa likizitumia kuzalisha umeme wa redio. Akaifunga moja kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha maji moto cha kupashia kitanda, alichokitoa nyumbani kwake, na mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiendesha barabarani. Watu wakazigombania baiskeli hizo zenye injini. Injini za jeshi zilipokwisha, akaunda ya kwake, na mwaka 1948 akasajili Kampuni ya Honda.

Ugumu wa pili ulikuja wakati biashara inakua, na ninauona mkubwa kuliko wa kwanza. Honda alijua kutengeneza injini. Kudai pesa kwa wenye maduka hakukujua wala hakukupenda. Mwaka 1949 akakutana na Takeo Fujisawa, mtu wa mauzo na hesabu, akampa upande wote wa fedha pamoja na mhuri wa kampuni. Hapa kwetu tunajua uzito wa mhuri: mwenye nao ndiye anayeahidi kwa niaba ya kampuni. Kuukabidhi kwa mtu mwingine ni kukiri mbele ya watu wote kwamba kipo usichokiweza. Fujisawa naye aliustahili. Aliwaandikia barua maelfu kwa maelfu ya wenye maduka ya baiskeli nchini Japani awaombe wauze injini za Honda, na kwa njia hiyo akaipatia kampuni changa masoko mpaka vijijini.

Halafu kukaja 1954. Kampuni ilikuwa imeagiza kutoka ng'ambo mashine za yeni milioni 450, mzigo mzito mno kwa mtaji wake. Wakati huohuo mauzo yakashuka, skuta mpya ya Juno ikawa inachemka, na pikipiki iliyotegemewa zaidi ikapata hitilafu ya kabureta. Honda akaishughulikia kabureta. Fujisawa akaenda kwa waliokuwa wakiwauzia vipuri na kwa Benki ya Mitsubishi, akaeleza hali ilivyo bila kuficha, akaomba muda. Benki ikasimama nao. Lazima tuseme pia kwamba benki ingeweza kukataa, na leo tusingekuwa na habari za kusimulia. Bahati ilikuwepo. Lakini aliyeficha vitabu vyake hata bahati haijui pa kumkuta.

Mwaka 1958 wakatoa Super Cub, pikipiki ambayo klachi yake haihitaji mkono, ili mpeleka chakula aendeshe kwa mkono mmoja na kushika sinia kwa mwingine. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Na mwaka 1973, kampuni ikitimiza miaka 25, Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Hawakuwarithisha watoto wao. Waliyemwachia kiti ni Kiyoshi Kawashima, mhandisi aliyekuwa na Honda tangu 1947. Kuondoka nako ni sehemu ya ufundi, tena sehemu inayowashinda wengi waliofaulu nyingine zote.

Kwa hiyo wewe unayeanza, mwenye fremu Kariakoo, kiwanda cha sabuni Mwanza au karakana Gikomba, jua kwamba kazi uliyoichagua ni ya heshima. Wewe ndiye mtu ambaye tarehe 30 wengine wanamtazama ili watoto wao wale. Siku mambo yakiharibika, na yataharibika, usikimbilie kutafuta mchawi. Fungua daftari la hesabu. Andika usichokijua, kisha mtafute anayekijua, hata akiwa mdogo kwako kwa umri. Unaowadai waandikie mapema. Wanaokudai waambie ukweli kabla hawajausikia kwa watu. Na mhuri mpe anayeweza kuubeba.

Koleo litavunjika. Anayejua kufua jingine ndiye mhunzi.