Mhusika Asiye na Sura: Nafsi, Ngeli na Jina la "Mangi" katika Michezo ya Maandishi

Tangu Roy Trubshaw na Richard Bartle walipobuni mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia mwaka 1978, wachezaji wa michezo ya maandishi wamekabiliwa na swali lisilomsumbua mwigizaji wa jukwaani: mhusika asiye na uso, sauti wala vazi hujulikanaje? Jibu la kawaida ni kwamba hujulikana kwa maelezo anayojiandikia. Kwa Kiswahili, jibu hilo halitoshi.

LambdaMOO, mchezo ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, ulimpa mchezaji nafasi ya kuchagua jinsi ya mhusika wake, na programu ikatumia viwakilishi vya Kiingereza kulingana na uchaguzi huo. Katika Kiswahili amri ya namna hiyo isingekuwa na kazi. Sentensi "Anaingia, anavua kofia, anaketi" haifichui kama aliyeingia ni mume au mke. Kinachofichuka ni kingine: "mzee anaingia" na "kizee kinaingia" humleta mtu yuleyule kwa hadhi mbili. Hapa upatanisho wa ngeli hubeba mtazamo wa anayesema kuliko umbile la anayesemwa. Kwa hiyo mhusika hujengwa na wenzake wanaomtaja, sawa na anavyojijenga mwenyewe.

Hatari ya hali hiyo huonekana katika jina "mangi". Kilimanjaro, mangi alikuwa mtawala. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Katika mitaa ya Dar es Salaam leo, mangi ni mwenye duka. Mchezaji anayeandika "Mangi anahesabu fedha zake", kisha akampachika lafudhi ya Kichaga, hajabuni mhusika. Amenakili utani uliokwisha kuwapo. Yaweza kujibiwa kwamba fasihi simulizi nayo hutumia wahusika bapa: Sungura mjanja, Fisi mlafi. Lakini ngano huwa na fanani anayejua mwisho wake. Katika mchezo wa maandishi kila mshiriki ni fanani na hadhira kwa zamu, na mhusika asiyebadilika hata anapoitwa vingine huwanyima wenzake la kujibu.

Kipimo cha mhusika, basi, ni miito anayoweza kuibeba. Mtu yuleyule akiitwa "mangi" na mteja wa Kariakoo, "meku" na kijana wa Marangu anayemheshimu kwa uzee wake, na "shemeji" na jirani wa Majengo mjini Moshi, naye akamwitikia kila mmoja kwa namna yake, hupata uhai ambao orodha ya sifa haiwezi kumpa. Uhakiki unaoishia kwenye maelezo ya mhusika, ukayaacha majibu ya wenzake, husoma nusu tu ya matini.