Mamba Muntu na Bei Yake

Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za Lubumbashi zilikuwa na picha moja ukutani, pale wageni wanapokaa: mwanamke mweupe, nywele ndefu, saa ku mukono, nyoka pembeni yake, na chini ya kiuno mukia wa samaki. Njo Mamba Muntu. Sisi tuliozaliwa nyuma tuliikuta ingali kwa nkambo, na usiku tuliogopa kupita mbele yake peke yetu.

Hadisi tuliyosikia ilikuwa hivi. Mwanaume anaokota kitana ao nywele za Mamba Muntu kando ya maji. Usiku anakuja kumuomba ndani ya ndoto: nirudishie kitu yangu. Mwanaume anaomba mali, naye anakubali, lakini kuko masharti: kufunga kinywa, kuacha wanawake wengine, na mara nyingine kutoa mutu wa jamaa. Mali inaingia. Kisha bei inaanza kulipwa.

Sasa tutazame picha vizuri. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioandika juu ya picha hizi mwaka 1976, walionyesha kwamba watu waliiweka Mamba Muntu kati ya mambo ya bankambo. Lakini bankambo gani alivaa saa? Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Saa iliongoza kazi, na ngozi nyeupe ilikuwa ya mukubwa wa kazi. Wapiga picha, wengine wakipaka rangi juu ya mifuko ya unga, walichukua kiumbe cha mutoni wakamuvika vitu vya mji wa mushahara. Kwa maoni yangu, hapo njo kuko nguvu ya kazi yao. Hawakurudilia hadisi tu. Waliifanya iulize: mali ya jirani imetoka wapi, na nani aliilipa?

Leo naona makosa mawili. La kwanza ni la wale wanaosema picha hii ni ya shetani tu, na waliiondoa ukutani wakati vikundi vya maombi viliongezeka. Wamesahau kwamba hadisi haisifu Mamba Muntu, inatukanya. La pili ni la vijana wetu wenye kipaji. Wanapaka mukia vizuri sana, rangi safi, sura nzuri kama ya sinema, lakini kitana hakiko, ndoto haiko, bei haiko. Inabaki pambo la kuuzia wageni. Mutu anaweza kuwa na mukono muzuri na bado asiseme kitu.

Siku moja niliwaomba wanafunzi wangu wachore Mamba Muntu. Karibu wote walileta binti wa samaki anayecheka, kama wa katuni. Mutoto mumoja hakuchora mwanamke hata kidogo. Alichora nyumba mupya, motokari mbele ya mulango, na ndani meza yenye chakula kingi. Kiti kimoja kilikuwa bila mutu. Nikamuuliza: «Mamba Muntu iko wapi?» Akanionyesha kile kiti: «Mwalimu, ameisha kupita.»

Mistari yake ilikuwa imepinda, na kiti kilikuwa na miguu mitatu tu. Lakini kati ya makaratasi yote, ile ndiyo niliyoihesabu kuwa kazi ya sanaa. Alikuwa amesikia hadisi kwa nkambo yake mpaka mwisho.

Basi, wenzangu walimu, na ninyi vijana mnaoshika burashi: kuchota katika hadisi za mji tuliozaliwa si kunakili kiumbe chake. Mbele ya kuchukua rangi, ukae kwanza na muzee mumoja, umuulize: yule mwanaume alipata nini, na alipoteza nani? Katika mji wa shaba kama wetu, ambamo kuna watu wanaotajirika usiku mumoja, ulizo hilo halijazeeka. Picha isiyolibeba inaweza kupendeza macho, lakini haitamuzuia mutoto kupita mbele yake usiku.