Ufundi wa Kurudisha Tonge

Ukitoka Nakuru, ukapanda Mau Summit na kuteremka Kericho penye mashamba ya chai, mbele yako ni Bomet, mahali ambapo karibu kila ukoo unaijua saratani ya umio, ile ambayo wengi huiita saratani ya koo. Ugonjwa huu hauna haraka ya kujitangaza. Kwanza nyama inakwama kifuani. Baadaye ugali. Mwishowe hata uji unapita kwa shida, na mtu anakonda kwa njaa ilhali sufuria imejaa. Wengi hufika hospitalini wakati huo, uvimbe ukiwa umekwisha kuenea na kisu cha daktari hakiwezi kuuondoa wote.

Katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, utafiti ulianzia kwenye foleni ya wagonjwa hao. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: mtu ambaye hatuwezi kumponya, tunawezaje kumrudishia chakula? Jibu moja lilikwisha kupatikana kwingineko duniani. Ni stenti, mrija wa wavu wa chuma uliofunikwa kwa utando, ambao huingizwa ukiwa umekunjwa, kisha hutanuka wenyewe na kuusukuma uvimbe kando. Lakini kazi hiyo ilizoeleka kufanywa chini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, na mashine ya namna hiyo ni ghali kuinunua na kuitunza katika hospitali ya mashambani.

Daktari wa upasuaji Russell White na wenzake walijiuliza kama eksirei hiyo ni ya lazima. Mwaka 2001 walichapisha maelezo ya njia yao ya kuweka stenti bila mashine hiyo, na ukiyafuata hatua kwa hatua unaona ufundi wenyewe ulipo. Daktari huteremsha kamera ya endoskopi kooni. Pakiwa pembamba mno, hupitisha kwanza waya wa kuongoza, na juu ya waya huo huteleza vijiti laini vya kutanua, chembamba kwanza, kinene baadaye, taratibu, kwa sababu umio ulioliwa na saratani hutoboka upesi. Kisha huja kipimo. Kutoka meno ya mbele hadi uvimbe unapoanzia ni sentimita ngapi? Na hadi unapoishia? Kama fundi cherehani asiyeshika mkasi kabla ya futi, daktari hahesabu kwa kukisia: urefu huo ndio unaoamua stenti ipi ichaguliwe, ishuke hadi wapi, na ncha zake zipite uvimbe kwa kiasi gani juu na chini. Ikiwekwa juu mno, mgonjwa atahisi kitu kimemkaba koo. Ikiwekwa chini mno, uvimbe utaota juu yake na kuziba njia upya.

Ninachokistahi hapa ni busara ya kujua kinachoweza kuachwa. Mara nyingi tunadhani ugunduzi ni kuongeza kifaa. Hawa walipunguza kifaa, wakaongeza uangalifu wa mkono na jicho, kisha wakaandika kila walichokiona ili wengine waweze kuwapima.

Kuandika huko nako ni kazi ya fundi. Ugumu wa kumeza hupewa daraja: 0 ni anayekula kila kitu, 1 anakula baadhi tu ya vyakula vigumu, 2 anakula vilaini tu, 3 anakunywa tu, 4 hata mate hayapiti. Ni swali ambalo muuguzi anaweza kumwuliza mzee wa Kikipsigis kwa lugha yake mwenyewe: siku hizi unakula nini, mzee? Jibu linaingia daftarini kabla ya stenti na baada yake. Mwaka 2009 jarida la Lancet Oncology lilichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa stenti Tenwek kwa takriban miaka kumi. Kumeza kuliboreka, na miongoni mwa waliofuatiliwa baadaye, nusu waliishi zaidi ya miezi minane. Si uponyaji, na hakuna aliyedai hivyo. Ni miezi ya kukaa mezani na watoto.

Daftari hilo hilo lilizaa maswali mengine. Mbona wagonjwa 109 walikuwa na umri wa miaka 30 au chini ya hapo, katika ugonjwa ambao kwingineko ni wa wazee? Na je, kabla ya dalili kuna nini? Daktari Michael Mwachiro na wenzake waliwachunguza watu 305 wa Bomet wasio na dalili yoyote, wakiupaka umio ayodini ya Lugol, dawa iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1829. Ngozi ya ndani yenye afya hugeuka kahawia. Iliyoanza kuharibika hubaki bila rangi. Mwaka 2016 walitangaza kwamba asilimia 14.4 tayari walikuwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani.

Bei ya stenti nayo ilihitaji fundi wake. AfrECC, muungano wa watafiti wa saratani hii barani Afrika, ulishirikiana na shirika la afya la CHAI na kampuni ya Boston Scientific ili stenti zipatikane kwa gharama nafuu zaidi, Kenya ikiwemo.

Sasa Nakuru mjini, katika hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, kuna kituo cha saratani chenye mashine ya tiba ya mionzi. Zamani safari ya mionzi ilimaanisha Nairobi, foleni na nauli. Ni hatua kubwa, lakini mashine hiyo itamfaa zaidi anayefika akiwa daraja la 1 kuliko anayefika akiwa la 3. Ndiyo maana somo la Bomet linafaa kupanda hadi Nakuru, Molo na Njoro: katika zahanati ndogo kabisa, kila anayesema nyama inamkwama aulizwe anakula nini, jibu liandikwe, na atumwe kwenye endoskopi wiki hiyo hiyo. Swali hilo halina gharama, na bila kuulizwa mapema, stenti na mionzi vitaendelea kuwapata watu waliochelewa.