Dhiki na Fani: Kuisoma Upya Sauti ya Dhiki

Ni rahisi kuisoma Sauti ya Dhiki (1973) kana kwamba gereza ndilo lililomzaa mshairi. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Kifungo kilimpa maudhui na uchungu; fani aliingia nayo. Vina na mizani alivipokea Mombasa, katika ukoo wa watunzi, akiwemo kakake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita.

Shairi la “Mnazi: Vuta N’kuvute” linathibitisha hoja hii. Wawili wanaugombania mnazi, na kila mmoja anapewa zamu ya kujitetea. Kujibizana ni mbinu kongwe ya ushairi wa Waswahili. Kwa mbinu hiyo, mfungwa anampa mpinzani nafasi ya kusikika ambayo yeye mwenyewe alinyimwa. Uchungu pekee usingeyaweza hayo.

Mwaka 1974 diwani hii ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Tukisema dhiki huzaa sanaa, tunampunguzia lawama mfungaji na kuwasahau wafungwa ambao dhiki iliwanyamazisha kabisa. Kwa watunga sera, funzo ni bayana: ushairi hustawi pale fani inapofundishwa na mtunzi anapoachwa huru.