Tazama Mkono, Si Mdomo

Nimechoka kusikia watu wa hapa Masalani wakisema fulani "anasoma vizuri" kwa sababu tu alicheka kuliko wasikilizaji wake. Kijana anapanda jukwaani na kisa alichokiandika mwenyewe, tena kisa kizuri, halafu kila akikaribia penye utani anaanza kutabasamu, mabega yanamtikisika, ukumbi unacheka kwa adabu. Kesho yake kijiweni anaitwa bingwa. Bingwa wa nini?

Mwandishi wa vichekesho akisoma kazi yake hacheki. Hilo halina mjadala. Hanywi maji katikati ya kisa. Hasomi ameketi. Mkewe hamtaji. Akipita dakika 20, awe nani, amewachosha watu.

Lakini hayo hata mgeni wa juzi anayaona. Asichokiona ni ukurasa unageuzwa saa ngapi. Wote wanamkodolea macho usoni. Mimi huangalia kidole. Alikuwapo mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya mto, upande wa Hola, ambaye kabla ya kusoma alikinakili kisa kizima upya kwenye karatasi za daftari la shule, upande mmoja tu, ili kila ukurasa uishie penye kicheko. Ukurasa mwingine ulikuwa na mistari sita, chini peupe. Akitoa neno la mwisho watu wanaangua kicheko, na mumo humo ndani ya kelele kidole kimeshagusa ulimi, karatasi imegeuka. Kicheko kikianza kushuka, kabla hakijafa, sentensi inayofuata imeshaingia. Hakuna aliyeona kitu. Msomaji mbovu ukurasa humwishia katikati ya utani: ameshatutega, masikio yamesimama, mara karatasi mbili zimegandana, anazipuliza, anazitenganisha kwa kucha, na utani umeshapoa.

Matapeli wamejaribu kuiga. Mmoja aligeuza ukurasa kwa madaha akingoja kicheko, kicheko hakikuja, akalamba kidole mara ya pili. Mwingine alipanga wapambe safu ya mbele. Ila wapambe hucheka mapema, na hapo ndipo wanapoumbuka. Wabaya kuliko wote ni wanaosoma visa vya WhatsApp kama vyao. Kwa Wasomali, anayeghani shairi la gabay la mwenziwe humtaja mtunzi kabla ya lolote, na wazee wa hapa ukiliruka jina hawakusamehe.

Wapo pia wasiohitaji karatasi: Mark Twain alipozunguka Marekani na mwandishi mwenzake George Washington Cable, 1884 hadi 1885, aliona visa vyake vikisomwa jinsi vilivyochapwa vinadoda, akavihifadhi kichwani na kuvilegeza viwe vya mdomo. Sawa, lakini huyo ni Twain. Hapa Kenya, Wahome Mutahi wa safu ya gazetini ya Whispers, aliyefariki 2003, alizipeleka tamthilia zake za Kikuyu kwenye mabaa, na mlevi hana subira na mtu: utani ukichelewa, anaigeukia chupa yake. Wasikilizaji wetu ni wakali zaidi. Hawazomei. Wanaagiza chai.

Siku hizi visa vinasomwa kwenye simu. Kioo hakina ukurasa, kinateleza tu. Msomaji anapotewa na mstari, anakunja uso, anautafuta kwa kidole gumba huku mwanga ukimpiga puani. Mwenye karatasi bado yupo mmoja mmoja. Ukimpata, kaa pembeni, upande wa mkono anaogeuzia, na safu ya mbele waachie wapambe.