Daraja la Tatu

Lawama za kupenda watoto wa kiume kuliko wa kike tumezoea kuzitupia mioyo ya wazazi. Katika semina na mahubiri mama huambiwa amthamini bintiye, baba huambiwa aachane na mambo ya kale, kisha watu hunywa soda na kuagana. Mimi nina mashaka na mawaidha hayo. Mzazi anayepiga hesabu ya nani atabaki shambani, nani atamtunza uzeeni na nani atasimama kaburini kwake si lazima awe na moyo mbaya. Huenda anajua sana yaliyoandikwa. Kwa hiyo nimeona niyasome maandishi yenyewe, maana wahakiki wetu hushughulika na riwaya na mashairi, huku wakiliacha andiko ambalo limeamua maisha ya watu wengi kuliko riwaya yoyote.

Nalo ni tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, sehemu ya urithi. Tanganyika ilikuwa imejitawala juzi tu, na serikali ilitaka kuziweka pamoja mila za makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba. Nia naielewa. Lakini soma mpango wake: daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza, la pili ni watoto wa kiume wengine, la tatu ni mabinti, nao fungu lao ndilo dogo kuliko yote. Daraja la tatu nililolijua mimi ni lile la treni, na hata huko mwenye kuongeza nauli aliweza kuhamia la pili. Binti hana nauli ya namna hiyo. Ardhi ya ukoo anaweza kuilima, lakini kuiuza hapana. Mjane naye, ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, hana fungu. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake.

Tua kidogo hapo kwa mjane. Kutunzwa na watoto gani, ikiwa shamba ni la wanaume na yeye alizaa wasichana watupu? Mwanamke anayeijua kanuni hiyo ataendelea kuzaa hata mwili ukikataa, na mume atatafuta nyumba ya pili. Huko Mara, kwa Wakurya, kuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana amzalie warithi. Nimesikia desturi hiyo ikisifiwa kuwa ni werevu wa wanawake. Werevu upo, sikatai. Lakini mzigo umehamishwa tu kutoka tumbo la mkubwa kwenda tumbo la mdogo.

Sasa niingie kwenye shauri ambalo kwangu limefafanua jambo hili kuliko hotuba zote. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Angalia neno wosia. Baba yule hakumdharau bintiye. Alimpenda, tena akauweka upendo wake katika maandishi. Binti akazeeka, akawa hana mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza ardhi kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Tarehe 25 mwanamume wa ukoo wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo, wilayani Muleba, akidai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza.

Siku moja tu! Bibi alipokuwa akidhoofika, ukoo haukuonekana. Shamba lilipoondoka, ukoo ulifika kesho yake asubuhi. Hoja kubwa ya wanaotetea mila hii ni kwamba mwanamume hupewa mali kwa sababu ndiye mwenye jukumu la kuwatunza wanawake wa ukoo. Hapa mali ilidaiwa, na jukumu halikutajwa na mtu.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mwanamume. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba ilikwisha kuingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Hukumu hiyo ni ya kishujaa, nasi tumeisifu vya kutosha. Ila jaji alimwachia mlalamikaji nafasi ya kuikomboa ardhi ndani ya miezi 6 kwa kulipa shilingi zile zile 300,000. Wengine huona hapo jaji alirudi nyuma. Mimi naona alimfanyia ukoo jambo la haki: kama shamba ni kipenzi chao, walilipie.

Basi ungedhani mambo yakaisha. Hayakuisha. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu za waume zao, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila ile ni ya ubaguzi, halafu ikasema kuibadilisha kwa hukumu kungefungulia matatizo mengi. Hapo ndipo ninapochoka. Jaji wa Mwanza alikuwa amelifanya jambo lile lile miaka 16 kabla, na nchi haikupasuka. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya tarehe katika karatasi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki yao mwaka 2015, na maneno ya 1963 yalikuwa bado yamekaa vitabuni. Msichana aliyezaliwa mwaka ule wa 2006 alikuwa na miaka 9, na pengine alikwisha kuonyeshwa mpaka wa shamba litakalokuwa la kaka yake.